Nyumba ya Anuarite

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimenyang'anya rula tena. Za darasa zima. Nimezirundika mezani kwangu kama kuni. Mwaka wa nane wanachora nyanya kwa rula! Nimewaletea nyanya halisi kutoka sokoni Mudzipela, nimeiweka juu ya kiti mbele yao, na karibu wote walitazama ubao. Walikuwa wananingoja niichore pale kwanza, ndipo wainakili.

Siwalaumu watoto. Hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu mwaka wa kwanza. Mwalimu anachora chungu ubaoni, watoto wanakinakili, aliyenakili vizuri anapata kumi juu ya kumi. Chungu cha mwalimu kikipinda, vya watoto vinapinda vilevile, upande uleule. Nikifikiri miaka yote ambayo macho yao yamekaa bila kazi, damu inanichemka.

Saa ya dessin, somo la kuchora, ni moja tu kwa juma. Ya mwisho, Jumatatu, matumbo yakiunguruma. Na hiyo moja mwalimu wa hesabu anaimendea. Leo alichungulia akauliza kama nimeshamaliza kuwachezesha watoto. Nilimwambia afunge mlango. Kwa nje.

Karatasi zetu ni mifuko ya sima, saruji ya kujengea, tabaka la ndani lisilo na maandishi. Kaka yangu ni mwashi, ananiwekea. Kalamu zetu ni makaa ya mbabula, jiko la kupikia. Shule haijawahi kunipa hata kipande cha chaki ya rangi. Sijali tena. Uongo. Ninajali sana.

Mmoja tu hakutazama ubao. Anuarite, msichana wa kambi ya wakimbizi, aliyeandikishwa shuleni Septemba. Wazazi wake walikimbia vita kwao Fataki. Aliniuliza kama anaweza kuacha nyanya na kuchora nyumba yao. "Juu Grâce hajue," alisema. Grâce ni mdogo wake, na nyumba hiyo haijui. Walipokimbia alikuwa mgongoni mwa mama, hakumbuki chochote. Kwake nyumba ni turubai.

Nilimpa mfuko mzima wa sima, sikuukata.


Jumatatu, 10 Februari

Nyanya imeoza. Nimeleta kitunguu. Safari hii wanne wamekitazama. Mmoja aligundua kwamba mizizi mikavu ya kitunguu inafanana na ndevu za babu yake, akacheka peke yake dakika nzima. Huyo ameanza kuona.

Anuarite anaendelea na nyumba. Simwonyeshi mstari hata mmoja. Ninamuuliza tu. Mlango uko katikati? Anafikiri. Hapana, uko pembeni kidogo, baba alipima vibaya. Nguzo ya baraza ni ya nini? Ya mkaratusi, imegawanyika juu kama manati. Mabati yote sawa? Hapana, moja ni fupi, upepo uling'oa la kwanza. Asichokijua anakwenda kumuuliza mama yake jioni. Mama naye anabishana na baba. Juzi walibishana kuhusu jiwe la kupandia barazani, kama lilikuwa la mviringo au la, hadi jirani akaingilia.

Baba anataka kurudi Fataki mvua ikianza, kupanda maharagwe. Kuna waliokwisha kurudi, wanasema ni kimya. Ataangalia kwanza, halafu mama na watoto wafuate. Mbegu ziko tayari ndani ya ndoo yenye kifuniko. Anuarite ananiambia haya huku anachora, bila kuinua kichwa. Anataka Grâce aijue nyumba kabla ya kuiona, asije akaiogopa.

Miaka yote niliyofundisha sijawahi kupata mchoro wenye kazi kubwa namna hii.


Alhamisi, 13 Februari

Mkutano wa walimu. Prefe, mkuu wetu wa shule, alivaa koti. Nikajua kuna jambo.

Shirika moja linaandaa maonyesho ya michoro ya watoto hapa mjini Bunia. Watapita shule kadhaa. Shule itakayowagusa itapewa madawati. Watoto wetu wa mwaka wa saba, nusu yao wanakaa chini juu ya matofali na makanga ya mama zao. Nayataka madawati hayo kuliko yeye, tena sana.

Nikauliza wachore nini. Prefe akanitazama kana kwamba nimeuliza maji yana rangi gani. Vita, akasema. Nyumba zinaungua, watu wanakimbia, bunduki. Wageni wanataka ushuhuda.

Nikasema wengi wa mwaka wa nane wamekulia hapa mjini. Milio wameisikia. Nyumba inayoungua hawajaiona, na namshukuru Mungu kwa hilo. Yeye akajibu kwamba watoto wana mawazo mengi, watawaza wenyewe. Watoto haohao ambao hawawezi kuiwaza nyanya iliyo mbele ya pua zao!

Nikasema sitafundisha hivyo. Akasema tutaona. Wenzangu walikuwa wanatazama viatu vyao.


Jumatatu, 17 Februari

Nina hasira, mwandiko huu nitashindwa kuusoma kesho.

Prefe aliingia katika saa yangu, akaniomba nikae. Akachukua chaki na kuchora nyumba ubaoni. Nyumba ya sanduku, paa la pembetatu. Juu ya paa ndimi tatu za moto. Moshi kama mkia wa nguruwe. Kando yake mtu mwenye bunduki. Ubao wetu una tundu kubwa chini kulia, chaki haishiki pale, kwa hiyo mtu yule akabaki na mguu mmoja. Prefe hakuona, au hakujali. Kisha akaenda mezani kwangu, akachukua zile rula, akawagawia.

Watoto walifurahi! Hilo ndilo lililoniuma. Walirudi nyumbani kwao, kwenye kunakili. Darasa zima likainama. Rula zinagongana. Mwishoni karatasi zote zilikuwa sawa: ndimi tatu, mkia wa nguruwe, mwanajeshi wa mguu mmoja. Jeshi zima la viwete. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza mguu mwingine uko wapi. Ubaoni hakuna mguu, basi hakuna mguu.

Anuarite hakunakili. Alikuwa anaweka kivuli chini ya baraza. Prefe alipita nyuma yake akasimama kidogo, kisha akaendelea.

Nilikaa kwenye kiti changu kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Nilipaswa kutoka nje. Sikutoka kwa sababu ni darasa langu.


Jumatano, 19 Februari

Nimemaliza kusahihisha kazi za kitunguu. Nzuri tatu. Moja nzuri kabisa.

Kaka amesema sima imekosekana, kazi imesimama. Hakuna karatasi juma hili.


Ijumaa, 21 Februari

Wageni wamekuja. Bibi mmoja kutoka Kinshasa, mpole, na mpiga picha asiyefunga mdomo. Michoro ya moto ilitundikwa ukuta mzima. Bibi alipita polepole. Akaanza kumwona yule mtu wa mguu mmoja, mara moja, mara ya pili, mara ya tano. Akaziba mdomo kwa mkono. Akasema watoto hawa wote wamemwona mtu yuleyule, kwamba kovu hili ni la kijiji kizima. Machozi yalimtoka, ya kweli.

Nilifungua mdomo. Prefe alikohoa. Nikatazama lile tundu la ubao, liko wazi pale nyuma ya mgongo wa bibi, angegeuka tu angeliona. Hakugeuka. Nikataka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Halafu akafika mwisho wa ukuta. Pale nilikuwa nimetundika nyumba ya Anuarite, asubuhi, kabla Prefe hajafika. Imekamilika. Mlango pembeni, nguzo ya manati, bati fupi, jiwe. Mlango umefunguliwa kidogo na ndani ni giza lile la nyumba ambayo watu wametoka tu dakika hii kwenda kisimani. Bibi alisimama muda mrefu kuliko kwingine kote. Hata mpiga picha alishusha kamera.

Akamwita Anuarite, akamuuliza vita viko wapi.

"Hakuna vita," alisema Anuarite. "Hii ni kwetu."

Bibi akasema ni mchoro mzuri mno, ila hauingii katika mada. Alilisema hilo kwa huzuni. Papo hapo Prefe akaruka: mchoro haujakwisha, mtoto ataumaliza. Akaubandua yeye mwenyewe, akaukunja, akaenda nao ofisini. Anuarite alimfuata hadi mlangoni. Prefe alimwambia atarudishiwa Jumatatu.


Jumatatu, 24 Februari

Nimefika mapema niuchukue mchoro. Haupo. Umekwenda kwenye maonyesho Jumamosi.

Prefe alinionyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa anatabasamu. Ameweka moto juu ya paa la Anuarite. Kwa kalamu nene nyekundu, na nyeusi ya moshi. Ndimi tatu zilezile. Moto umefunika bati fupi nusu, moshi unatoka kwenye ule mlango uliofunguliwa kidogo. Akasema ameusaidia kidogo tu, na bibi ameupenda, utawekwa mlangoni mwa maonyesho. Madawati tumepata.

Nilipiga kelele. Karani akafunga madirisha. Nilimwambia ni mwizi, na mwizi wa kawaida huwa anachukua tu, hachafui. Nilimwambia nyumba ile haikuungua, iko, ina watu wanaoingoja. Akauliza ni nyumba ngapi zimeungua Djugu, eneo lote la Fataki, na mimi ninalilia moja ya karatasi. Kisha akasema sauti ya chini: "Ya kwangu iliungua, Madame Odette. Na mutu hakuichora."

Hilo sikulijua. Nikamwambia basi angechora ya kwake.

Saa ya dessin. Ilinibidi nimwambie Anuarite mwenyewe, nje, kabla hajasikia kwa wenzake. Hakulia. Aliniuliza kama mama yake ataiona. Nikamwambia hapana, maonyesho ni kwa wageni, mjini. Ndivyo ninavyofikiri.


Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda kwenye ukumbi wa maonyesho. Sikutaka, nimekwenda. Wameikuza nyumba ya Anuarite, iko mlangoni, kubwa kuliko mimi. Kila anayeingia anapigwa picha mbele yake. Wanaweka nyuso za huzuni, picha ikishapigwa wanacheka, wanaangalia kama wametokea vizuri. Kila mtu ana simu. Tangu jana picha hiyo imetembea Bunia yote. Mwanamke wa kwaya yetu amenitumia mimi, hajui chochote, ameandika tu "Fataki" na mikono inayosali.

Wale viwete wote wako ndani, ukuta wa kushoto. Wameandika chini yao maneno marefu kuhusu jeraha la pamoja. Nilisoma hadi katikati.


Ijumaa, 28 Februari

Anuarite hakuja jana. Leo tena hakuja. Nikamuuliza Rebeka, anayekaa naye kambini.

"Kwa kina Anuarite kuko kilio," alisema.

Nilijua ni Grâce. Watoto wadogo wanakufa kule kwa kuhara. Nilipanda pikipiki kwenda kambini bila hata kuaga.

Watu walikuwa wamekaa chini mbele ya turubai lao. Wanawake wamefunga vitambaa. Sufuria kubwa motoni. Mama yake Anuarite katikati, miguu imenyooshwa, sauti imekauka. Na Grâce pembeni, mzima, anakula. Sikuelewa. Nilimtafuta baba kwa macho nikifikiri ni yeye. Mzee mmoja akanielekeza: wanalilia nyumba.

Mtu wa Fataki alipata picha kwenye simu. Akaujua mlango, nguzo, bati. Akaleta simu kwa mama. Walijua ni mchoro, si wajinga. Lakini walisema, nani angeweza kuichora nguzo ile kama hakusimama mbele yake? Ukweli wote ule, halafu moto peke yake uwe uongo? Mama alikuwa ameuona mchoro ukiwa hauna moto. Akafikiri mtoto amesikia habari mjini, akaongeza moto, akaogopa kumwambia. Anuarite akamwambia ni Prefe aliyeuweka. Basi ikawa mbaya zaidi.

"Prefe ni mutu mukubwa," mama aliniambia. "Hawezi kuandika kitu hajue."

Nimeyarudia maneno hayo njia nzima. Tumewafundisha hivyo. Sisi. Kilicho ubaoni ni kweli, aliyeshika chaki anajua.

Nilieleza. Nilieleza kwa sauti kubwa, nilieleza kwa utaratibu, nilimweleza mzee, nilimweleza mama. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikilizwa kwenye msiba anapojaribu kufariji. Wakaniletea sahani. Maharagwe. Nikala, kwa sababu kwenye kilio huwezi kukataa.

Baba hayupo. Aliiona picha, kesho yake akafuata vijana waendao kuchimba dhahabu. Alisema hana tena cha kurudia. Mahali hakutaja.

Nilipokuwa naondoka Anuarite alinisindikiza hadi barabarani. Ndipo aliponiambia maharagwe niliyokula yalikuwa ya ndoo. Zile mbegu. Mama alisema hakuna haja tena ya kuzitunza, na wageni wa kilio lazima wale.

Bado ninayahisi mdomoni. Ninamchukia Prefe. Nimeliandika na silifuti.


Jumamosi, 1 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa katekista wa parokia yetu, ana mwenzake Fataki mwenye simu. Alipiga na kupiga, mtandao hakuna. Mchana ikaitika. Mwenzake akatoka kwenda kuangalia, tukangoja kwenye benchi la sakristia. Nilikuwa nakula kucha kama mtoto.

Nyumba imesimama. Majani yamefika madirishani, kuku wa watu wanalala barazani, mlango umefungwa. Bati fupi liko. Haijaguswa hata na kiberiti.

Nilikimbia kambini. Kweli nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, kitenge mkononi. Nilifikiri atapiga vigelegele. Mama yake Anuarite alinisikiliza, akanifanya nirudie. Akauliza habari za nguzo, nikarudia. Akainamisha kichwa akaanza kukusanya masufuria ya majirani ili ayarudishe.

"Baba yao hana telefone," alisema.

Akabeba sufuria la kwanza akatoka.


Jumatatu, 3 Machi

Nilimwendea Prefe ofisini kabla ya kengele. Nilimweleza yote: kilio, mbegu, baba. Aliondoa miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema hakukusudia. Najua hakukusudia! Ningependa angekuwa amekusudia, ningejua pa kuipeleka hasira hii. Nilimwambia aende kambini aseme kwa mdomo wake, kwa sababu wangu hauna uzito, mimi sina koti. Akasema atatafuta nafasi.

Nikampigia bibi wa Kinshasa. Nilitaka picha ishushwe. Alisikitika sana. Alisema anaelewa. Nimechoka na watu wanaoelewa. Picha imeshachapwa kwenye mabango, mengine yamekwishapelekwa mbali, haiko tena mikononi mwake. Akauliza kama Anuarite anaweza kupigwa picha akiwa karibu na bango. Nikakata simu.

Saa ya dessin. Anuarite alikuja. Nilimpa karatasi. Aliikunja vizuri mara nne, akaiweka mfukoni, akakaa amekunja mikono hadi mwisho. Sikumsumbua.


Alhamisi, 6 Machi

Madawati yamefika. Ya mbao ngumu, yamepakwa vanishi, yananukia. Watoto wa mwaka wa saba waliingia wakayapapasa kama mbuzi wapya. Kasichana kamoja kaliweka shavu lake juu ya meza, kakafumba macho.

Ni madawati mazuri. Hilo linanikera kuliko kila kitu. Ningependa yavunjike, halafu namwona yule mtoto na ninaona aibu kwa kupenda yavunjike.

Prefe bado hajapata nafasi ya kwenda kambini. Nilimwandikia tarehe kwenye ubao wa ofisi yake, kwa chaki, herufi kubwa: JUMAMOSI, KAMBINI. Mwache anakili.


Jumamosi, 8 Machi

Alikwenda. Namtendea haki, alikwenda, bila koti. Alisimama mbele ya turubai lao, watu wa Fataki wakakusanyika, akasema moto aliuweka yeye na kwamba hajafika Fataki tangu zamani. Alisema polepole. Mwisho akawaomba radhi kwa kupiga goti moja, mtu mzima kama yule.

Wakamwamini mara moja. Maneno yangu yaleyale ya juma lililopita. Nilimsikia mzee mmoja akimshukuru kwa kuwaletea habari njema.

Vijana wawili wameahidi kuulizia kwenye njia ya migodini, mmoja hadi mwingine, kama kuna aliyemwona baba. Hakuna anayejua alielekea upande gani.


Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nilipeleka mbegu kidogo. Mvua ilianza jana jioni, udongo ulikuwa bado na unyevu. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akazimimina kwenye ndoo, akafunika. Tulikaa. Alikuwa anamenya ndizi, nami nikachukua kisu kingine.

Anuarite alikuwa anafua nguo karibu yetu. Grâce alikuwa amechuchumaa na kijiti, anachora ardhini. Anachora kwa nguvu, ulimi nje. Nikainama kuangalia. Nyumba. Mlango pembeni, mahali pake kabisa. Nguzo yenye manati. Hata jiwe la kwenye picha alilikumbuka. Na juu ya paa, ndimi tatu.

Alinieleza mwenyewe, kwa kidole, kama mwalimu: hapa ni mlango, hapa baba anakaa, na hizi ni nywele za nyumba.

Anuarite aliacha nguo. Akaja na mikono yenye sabuni, akachuchumaa kando ya mdogo wake, akafuta zile ndimi kwa kiganja. Zile tu. Mengine hakuyagusa.

Grâce akaanza kulia. "Unaharibisha nyumba yetu!" alisema, na akazichora tena.

Anuarite alimtazama. Akafuta tena, taratibu, huku mdogo wake akimpiga begani kwa ngumi ndogo. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ndizi. Baadaye nilirudi nyumbani kwa miguu.